Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni wa Heshima, Wiki ya Anga Duniani

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima kutoka Shirika la Anga za Juu la Kenya, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na hamjambo.

Karibu Malindi. Ukipata nafasi ya kufika Ngomeni utayaona majukwaa ya San Marco yamesimama baharini. Huko ndiko iliporushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, kwenda kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Jina lilikuwa letu. Roketi ya Marekani, majukwaa ya Waitalia. Enzi hizo kazi ya kurusha kitu angani ilikuwa ya serikali, tena chache.

Sasa wenye magari ya kwenda huko ni wafanyabiashara. Taifa-1, satelaiti ya Kenya, ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California kwa roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, ikichangia safari na mizigo ya wateja wengine, kama abiria wa matatu. Bila kampuni zilizoshusha nauli hiyo, pengine tungekuwa bado tunasubiri kituoni. Kwa hilo tunalipongeza shirika lako.

Ila Mheshimiwa, kwa kuwa shirika lenyewe liko chini ya Wizara ya Ulinzi, turuhusu tuseme linalotukereketa. Muhula huu tulijadili vita vya Ukraine. Tarehe 24 Februari 2022, kama saa moja kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka, wadukuzi waliuvamia mtandao wa satelaiti wa kampuni ya Viasat. Maelfu ya modemu, vifaa vya kupokelea intaneti, yalizimika. Hata Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ilikosa mawasiliano. Siku mbili baadaye waziri wa Ukraine, Mykhailo Fedorov, alimwomba Elon Musk, mwenye SpaceX, msaada mtandaoni, hadharani, na tarehe 28 vifaa vya Starlink, intaneti ya satelaiti ya kampuni hiyo, vikawa vimefika. Picha za satelaiti za kampuni ya Kimarekani ya Maxar nazo zilionyesha msafara wa kijeshi wa zaidi ya kilomita 60 ukielekea Kyiv. Picha za namna hiyo zamani zilikuwa siri ya majasusi. Hizi ziliingia kwenye simu za kila mtu.

Upande wa pili ndio uliotunyima usingizi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba Musk alikuwa amekataa kuwasha Starlink karibu na Crimea, rasi ya Ukraine inayoshikiliwa na Urusi, ili itumike katika shambulio la Ukraine. Kisha Machi 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha kwa muda ruhusa ya Ukraine kupata picha za Maxar kupitia mfumo wake. Mara ya kwanza aliyekataa ni mwenye kampuni, mara ya pili ni serikali ya nchi yenye kampuni. Nguo ya kuazima haistiri maungo.

Marekani yenyewe ilitoa mikakati Aprili 2024 ya kuziingiza kampuni binafsi katika ulinzi wa anga za juu. Kwao ni rahisi, kampuni ziko chini ya sheria zao. Ulaya, pamoja na utajiri wake, iliona haja ya kuwa na mtandao wake wa mawasiliano ya satelaiti, na Desemba 2024 ikatia saini mkataba wa IRIS², satelaiti zipatazo 290.

Sisi tufanyeje? Klabu iligawanyika. Wapo waliotaka Kenya ijitengenezee kila kitu. Wakaulizwa fedha zitatoka wapi, wakanyamaza. Msimamo uliokubaliwa ni huu: tuendelee kukodi huduma za satelaiti, ila kwa kampuni zaidi ya moja na za nchi zaidi ya moja, na anayezisoma picha awe Mkenya. Picha ya kukodi ikifasiriwa na mgeni, tumekodi mara mbili.

Tena hatari haitoki kwa adui tu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, inayodhaniwa kuwa kipande cha roketi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaibebesha kila serikali dhamana ya yanayofanywa huko na kampuni zake. Lakini ili umdai mwenye chuma, lazima kwanza umjue, na kumjua kunahitaji vyombo na wataalamu.

Ndipo tunapokuja na maombi yetu. Tunaomba antena ndogo na kompyuta moja ya kupokelea picha za satelaiti za hali ya hewa. Tunaomba wataalamu wenu waje kutufundisha kusoma picha za bahari yetu, tujue mtumbwi unavyoonekana kutoka juu na meli ya kigeni inayovua kwa wizi inavyoonekana. Na wanaomaliza kidato cha nne mwaka huu wanaomba wapokewe kwa mafunzo wakati wa likizo, wasichana wakiwemo. Katika klabu hii wao ndio wengi.

Mheshimiwa, kiroketi tulichokitengeneza kwa mabati kiko mezani pale, tutakirusha uwanjani baada ya chakula. Tafadhali ukae upande wa walimu.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Anga.