Akikwambia Anaumwa, Amini

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kwamba umenieleza wazi kuhusu mchumba wako. Mlipokuja Jumapili nilimwona akikandamiza paja kwa kiganja chini ya meza huku akicheka na shangazi yako. Nilipomuuliza jikoni akasema, "Niko sawa, mama." Hakuwa sawa. Aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hujifunza mapema kucheka akiwa na maumivu, kwa hiyo usipime uchungu wake kwa kumtazama usoni. Akikwambia anaumwa, amini papo hapo. Na usije ukamwambia "lakini jana ulikuwa mzima." Jana alikuwa mzima kweli, na leo anaumwa kweli.

Seli zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na pale oksijeni isipofika ndipo panapouma: mgongo, miguu, kifua. Baridi huchochea, kiu huchochea, hata homa na uchovu. Ndiyo maana Nairobi ya Juni hadi Agosti humtesa. Msipande boda mvua ikinyesha, hata kama matatu zimepandisha nauli. Stima ikipotea, chemsha maji ya kuoga kwa gesi. Mkobani mwake chupa ya maji isikosekane. Na ile nyumba ya ghorofa ya tano isiyo na lifti mnayoitamani, mimi nasema hapana, kodi iwe nafuu vipi.

Haidroksiyurea anayomeza kila siku hupunguza vipindi vya maumivu, mradi asiiache kwa kuwa amejisikia vizuri. Lakini usigeuke askari wa kuhesabu vidonge vyake. Muulize anataka umsaidieje, ufanye hilo. Kuna siku atataka umkande miguu, na kuna siku hata shuka likimgusa ni adhabu.

Akipata homa, au kifua kikimbana na pumzi kumpa shida, msingoje kupambazuke. Nendeni hospitali usiku huohuo. Hapo ndipo atakapokuhitaji hasa. Wapo wahudumu ambao wakisikia mgonjwa anataja mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa jina humdhania mraibu, naye wakati huo hana nguvu za kubishana. Uwe na karatasi ya kliniki yake, inayoonyesha ugonjwa, dawa anazotumia na kiasi kinachomtuliza. Sema kwa heshima, na wasipokusikia, sema tena. Michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, nayo ilipwe mapema, msije mkagundua dirishani kwamba haiko sawa.

Kisha wewe mwenyewe, baba, nenda ukapimwe damu. Kwetu upande wa ziwa wengi wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huu bila kujua. Kama wewe ni AA, yaani huna chembe hiyo, watoto wenu wataibeba tu bila kuugua. Kama ni AS, yaani unaibeba bila kuugua, kila mimba ni nusu kwa nusu kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa. Sikwambii hivyo ili umwache. Nataka mjue nyote wawili kabla ya kupanga watoto, na daktari wake aambiwe mapema, kwa sababu hiyo haidroksiyurea haiendi na mimba hivihivi.

Shangazi yako ameninong'oneza kwamba unajitwika mzigo. Nimemjibu kwamba yule msichana ana akili, ana kazi yake, na anakupenda waziwazi, nami namtaka katika nyumba hii.

Majibu yakitoka nipigie, hata iwe saa nane za usiku.

Mamako