Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa Busia, Uganda: tusigawane yote Desemba

Wanangu,

Nawasalimu kwa heshima, ninyi mnaowasha pikipiki kabla jua halijachomoza ili kuwapokea abiria wanaovuka mpaka. Nimekaa nanyi muda mrefu katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikiwa mmoja wa watatu wanaoshika funguo za sanduku, na kwa kuwa mzunguko wetu wa mwaka unakaribia kufungwa, nimeona niyaandike haya waziwazi, kila mmoja ayasome kwa nafasi yake kabla hatujakutana.

Kuweka mnajua. Nimewaona mkinunua hisa wiki baada ya wiki na kugongewa mihuri vitabuni, hata yule ambaye pikipiki yake ilikuwa imelala kwa fundi. Tatizo letu ni siku ya kugawana. Katikati ya Desemba tunafungua kufuli tatu, tunazimwaga pesa mkekani, tunahesabu, majina yanasomwa, na kila mtu anaondoka na akiba yake pamoja na faida. Kabla ya mwaka mpya kuingia, zimekwisha: nguo za sikukuu, nyama, nauli za kwenda kijijini, na wengine, nasema kwa uchungu, huzipeleka zote kwenye kubeti. Kisha Februari shule zinafungua muhula wa kwanza, na mtu yule yule aliyehesabiwa noti mkekani anatafuta karo kwa wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi ya pikipiki yake kama dhamana. Akichelewa kulipa, chombo cha kazi kinakwenda.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu akiweka shilingi 2,000 kwa siku, siku 6 za wiki, ana 12,000 kila wiki, na wiki 52 zinampa 624,000. Asipozigusa kwa miaka 5 ana 3,120,000, na hapo sijahesabu faida hata shilingi moja. Lakini anayezimaliza kila Desemba, baada ya miaka hiyo 5 yuko pale pale alipoanza, ingawa ametoa jasho lile lile.

Hiyo 2,000 itoke asubuhi, katika safari za kwanza, maana pesa inayosubiri jioni hukutana na mengi njiani. Pesa ya mafuta, ya oili na ya tairi ikae peke yake, kwa sababu anayekula pesa ya tairi atakuja kuila akiba siku tairi litakapopasuka. Tazameni pia namna mnavyotumia pesa za simu. Kila unapotoa unalipa ada ya kampuni, na juu yake kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Anayetoa kidogo kidogo mara tano kwa wiki hulipa ada mara tano, wakati angeweza kupanga mahitaji yake na kutoa mara moja.

Sasa, akiba ya miaka mingi iwekwe wapi? Sanduku letu linafaa kwa mambo ya mwaka mmoja, kwa mkopo wa haraka na kwa msiba, lakini sipendi pesa nyingi zilale ndani ya nyumba ya mtu, hata kama kufuli ni tatu. Benki iliyo chini ya Benki Kuu ya Uganda ina kinga: ikianguka, Mfuko wa Kulinda Amana humlipa kila mwenye akaunti hadi shilingi milioni 10. Sacco, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hazimo katika kinga hiyo, kwa hiyo kabla ya kujiunga ulizeni leseni na hesabu zilizokaguliwa, na msione haya kuuliza. Tangu sheria ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, iliporekebishwa mwaka 2022, hata sisi tusio na mwajiri tunaweza kuweka humo kwa hiari. Aliyefikisha shilingi 100,000 anaweza pia kununua hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa kwa miaka kadhaa, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Kodi ya riba hiyo ni asilimia 20, nayo hushuka hadi 10 kwa hati za miaka 10 na zaidi. Anayekuahidi kuzidisha pesa yako maradufu kwa mwezi mmoja, mkimbieni, hata akiwa ndugu.

Ombi langu kwa mkutano ujao ni hili. Siku ya kugawana tuihamishe kutoka Desemba hadi wiki ya mwisho ya Januari, ili pesa ifike mkononi karo ikiwa mlangoni. Kisha theluthi ya fungu la kila mtu ipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti yake mwenyewe ya akiba ya muda mrefu, siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi. Najua wapo watakaosema sikukuu itakuwa kavu. Kwa ajili yao tuanze mfuko mdogo wa sikukuu, wa shilingi 1,000 kwa wiki, usiogusana na hisa.

Ambaye hana akaunti aje na kitambulisho chake cha taifa, nami nitaandamana naye hadi benki Jumatatu inayofuata.

Ni mimi mzee wenu,
Busia, Uganda