Bin ami, rudi: huyu wa pili anajua kuogelea

Bin ami yangu wa Wete,

Assalaamu alaykum.

Sijasahau usiku ule wa Idd ulipoiweka padi chini ukaapa hutaigusa tena. Ulikuwa unacheza ule mchezo wa video, Assassin's Creed ya kwanza, uko bandarini Acre unamwandama Sibrand, mmoja wa maadui wa kuuawa, unaruka nguzo kwa nguzo, chombo kwa chombo. Ukateleza mara moja, Altaïr, yule shujaa unayemwendesha, akatumbukia majini, akafa. Hakupigwa wala hakuchomwa upanga, maji tu. Na mchana wake wewe ulishinda Forodhani ukijirusha baharini na vijana wenzio. Shujaa anayeparamia minara ya Jerusalem anazama kama jiwe! Hasira zako nilizielewa.

Nimeimaliza Assassin's Creed II, na habari ya mwanzo ninayokuletea ni kwamba shujaa wake, Ezio, anaogelea. Ya kwanza ilitoka 2007, hii 2009, na katika miaka miwili hiyo Ubisoft, watengenezaji wake, wameyageuza maji yaliyokuua yakawa maficho yako. Venice ni mji wa mifereji. Askari wakikukimbiza juu ya mapaa unajitosa, unapiga mbizi, unaibukia kwengine, wao wamebaki ukingoni wanaangaza macho. Gondola nayo unaiendesha mwenyewe. Nilipoipata ile kasia niliiacha misheni niliyopewa, nikawa napita chini ya madaraja tu hadi nikasikia adhana ya alfajiri.

Ulichokilalamikia tena ni kazi kujirudia, na hapo pia haki ilikuwa yako. Watu tisa wa kuuawa, na karibu kila mmoja kwa njia ileile: kaa kwenye benchi usikilize, chomoa barua mfukoni, mbane mtu kichochoroni aseme. Huku kazi zinazaliwa na kisa chenyewe. Ezio ni kijana wa Florence anayewaona baba yake na ndugu zake wawili wakinyongwa, kisha inampasa amtoroshe mama na dada yake. Baada ya hapo huhitaji kuambiwa kwa nini unamfuata mtu.

Na kujificha! Zamani ulisubiri wapite wale wanazuoni wa kanzu nyeupe, hao tu. Sasa kundi lolote la wapita njia linakumeza, kama mtu anavyopotelea Darajani siku ya kuamkia Idd. Pesa nazo zina kazi: unanunua dawa kwa tabibu, unakodi wezi wawavutie walinzi pembeni.

Kimoja kimepungua, lazima nikwambie. Waliouawa na Altaïr walizungumza kabla ya kukata roho, na maneno yao yakamfanya aanze kumshuku bwana wake mwenyewe. Maadui wa Ezio wengi ni waovu tu, na yale mazungumzo nimeyakosa sana.

Diski ninayo. Ukivuka na boti likizo hii, njoo moja kwa moja nyumbani. Nimekuwekea nafasi yako mpya, unaanzia Florence. Usiniombe nikurushe mpaka Venice, maana nataka ufike mwenyewe, nami nikae pembeni nikuone unavyojitosa mara ya kwanza.

Nduguyo, Mji Mkongwe