Binamu, kuhusu hawa unaowaita waoga

Binamu, salamu nyingi, na shangazi nisalimie sana. Juzi ulisema mwanasiasa wa katikati ni mwoga tu asiyejua anataka nini, mi sijakubali na nakujibu hapa hapa hadharani. Umewahi kumsikia Martignac wa Ufaransa?

Novemba 1827 serikali ya waziri mkuu Villèle ilichapwa kwenye uchaguzi, mfalme Charles X akabanwa, ndo Januari 1828 akateua mawaziri wa kutuliza mambo. Aliyewabeba ni Martignac, waziri wa mambo ya ndani, wakili wa Bordeaux, mtu wa mfalme kabisa ila anasikiliza watu, na cheo cha waziri mkuu hata hakupewa. Akapiga kazi jamani. Maprofesa Guizot na Cousin waliokuwa wamefungwa midomo wakarudi kufundisha Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, kuanzisha gazeti ikawa huhitaji tena kibali cha serikali (dhamana ya pesa ilibaki), Juni 1828 Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, wakazuiwa kufundisha seminari ndogo, maaskofu wakawaka moto.

Kinachoniuma mimi ni ile miswada ya 1829, kwamba madiwani wa miji na wa mikoa wachaguliwe badala ya kuteuliwa kutoka juu. Sawa, wapiga kura wangekuwa matajiri wachache, lakini mlango ulikuwa unafunguka! Wahafidhina wakasema anampora mfalme, waliberali wakasema haitoshi, wakavutana weee mpaka Aprili miswada ikaondolewa bungeni. Na mfalme hakumtetea hata kidogo, maana moyo wake ulishakuwa kwa Polignac, balozi wake London. Kwa hiyo usiniambie serikali ile ilikufa kwa udhaifu wa Martignac, aliyemuweka ndiye hakutaka afaulu. Akasubiri bajeti ipite, wabunge waende likizo, Agosti 1829 akamtoa akamuweka Polignac.

Haukupita mwaka. Julai 1830 mfalme na Polignac wakatoa amri za kuyabana magazeti na kulivunja bunge, Paris ikaamka siku tatu, Charles akakimbilia Uingereza na Polignac akakamatwa. Desemba akashtakiwa mbele ya baraza la juu la bunge, na wakili aliyemuomba amtetee ni Martignac, yule yule aliyepokonywa kazi kwa ajili yake. Akakubali, binamu, akasimama akamtetea huku mitaani watu wanataka Polignac auawe, na Polignac akapona kifo, akapewa kifungo cha maisha. Mwoga gani anaibeba kesi ya hivyo? Nijibu, nasubiri.