Usinunue hilo pazia

Osaka

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Hofu ni kwenu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Hali tutaulizana vizuri siku nyingine, maana ujumbe wako kuhusu maonyesho ya vikaragosi ya watoto umenikosesha raha. Eti Shaibu anataka mnunue jora zima la kitambaa cheusi cha pazia, mikono ya wachezeshaji isionekane? Mwambie asubiri.

Nimekwenda kuangalia bunraku, mchezo wa vikaragosi wa Kijapani, hapa kwenye ukumbi wao wa taifa. Kikaragosi kimoja kinashikwa na watu watatu, na wote wamesimama mbele ya macho yako! Mkuu wao kashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Hao wawili wamejifunika gubigubi kwa nguo nyeusi, ila mkuu alikuwa uso wazi, kavaa kimono chake cha heshima. Nikasema haya, pesa yangu imekwenda (na tiketi si ya bei ya kitoto). Kidogo kidogo nikajikuta siwaoni tena. Wapo palepale, na siwaoni.

Nadhani siri ni sauti. Pembeni ameketi mghani na mpiga shamisen (kinanda cha nyuzi tatu), na mghani huyo peke yake ndiye mume, ndiye mke, ndiye adui, na bado anasimulia. Analia mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Sasa ninyi wenye sauti sita zinazopokezana nyuma ya pazia... ngoja kwanza.

Mchezo ulikuwa Sonezaki Shinju wa mtunzi Chikamatsu Monzaemon, wa mwaka 1703. Alimwandikia mghani Takemoto Gidayu, aliyekuwa na jumba lake hapahapa Osaka. Kisa ni cha kweli: Tokubei, karani wa duka la sosi ya soya, na Ohatsu, binti wa danguro, walijiua pamoja. Mwezi mmoja tu baadaye watu wakawa wanawaangalia jukwaani! Umbeya wa mtaani kwetu una kasi, lakini huyu bwana kiboko. Michezo ya namna hiyo ilishamiri hadi serikali ikaja kuipiga marufuku.

Kuna mahali Tokubei kajificha chini ya baraza, Ohatsu kaketi juu yake, na adui yao yupo palepale anajigamba. Hawawezi kusemezana. Ohatsu anamuuliza kwa mguu kama yuko tayari kufa, naye anaushika unyayo wake na kuupitisha kwenye koo lake mwenyewe. Shoga, vikaragosi vya kike kwa kawaida havina miguu kabisa! Mshika miguu huchezesha pindo la nguo tu, wewe ukaona mtu anatembea. Kwa Ohatsu wametengeneza mguu, kwa ajili ya hapo. Namuona kabisa mtu mzima mwenye kofia nyeusi kaushika, na machozi yananitoka.

Kwa hiyo pazia la nini? Na Shaibu asisingizie uchache wa watu. Huo utaratibu wa watu watatu ulianza 1734, Chikamatsu ameshakufa. Enzi zake kikaragosi kilikuwa na mtu mmoja tu, na watu walijaa. Halafu wanasema kujifunza kushika miguu peke yake huchukua kama miaka kumi, naye anataka vijana waive kwa wiki mbili! Basi, nisimseme sana, atasoma.

Maneno ya mchezo kaandika nani? Mnaye mtu mmoja anayeweza kughani yote, au yule binti wa Bi Rehema bado ana haya? Mzee Kombo atakubali kuketi na gambusi lake mbele, watoto wamuone? Hela ya kitambaa mmeshaitoa? Harusi ya Salma imeishia wapi? Na zile khanga nilizokopa kwa Bi Rehema, umenilipia au ananitangaza mtaa mzima?

Wako,
Zena