Bomba moja, baiskeli nne

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na waajiri wa hapa Tanga kuhusu maegesho ya baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na watu wengi wa Makorora, Mabawa, Duga na Mikanjuni huenda kazini kwa baiskeli. Lakini ukivuka geti la ofisi unakuta magari yamechorewa mistari, pikipiki zina kivuli chao, na baiskeli zimeegemezwa kwenye mwembe, kwenye simtanki, au zimefungwa kwenye nondo za dirisha. Ukutani kuna kibao: "Uongozi hautahusika na upotevu wowote." Sawa, lakini uongozi ungeweza kuhusika na bomba la chuma.

Waajiri wachache waliotengeneza maegesho, wengi wao wamejenga ile ngazi ya nondo inayolazwa chini, unachomeka gurudumu la mbele. Sisi mafundi baiskeli hatuna sababu ya kuilalamikia, maana inatuletea kazi. Gurudumu limeundwa kubeba uzito unaotoka juu. Ukilisukuma ubavuni halina nguvu. Baiskeli yenye kilo 25 za unga kwenye karia ikiguswa na ya jirani, uzito wote unaishia kwenye rimu iliyobanwa na nondo. Spoki za upande mmoja zinavutika, rimu inapinda, na jioni mwenyewe anashangaa kwa nini gurudumu linasugua breki.

Kwa wizi ndiyo mbaya zaidi. Kwenye ngazi hiyo mnyororo unafika gurudumu la mbele tu. Mwizi akiwa na spana namba 15 anakuachia gurudumu lako limefungwa vizuri, anaondoka na vingine vyote. Zile za mitumba zenye kishikizo cha kufungua gurudumu kwa mkono, hata spana hazitaki. Wengine wanategemea lile kufuli la Kijapani la tairi la nyuma. Linazuia baiskeli isiendeshwe, halizuii isibebwe. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini baiskeli isitangulie kuondoka kabla ya mwenyewe.

Kinachotakiwa ni goli dogo la bomba, lililosimikwa kwenye zege. Baiskeli moja inaegemea kulia, nyingine kushoto, na kila moja inafungwa kwa fremu.

Nunua bomba la chuma la inchi 2, unene wa milimita 3. Bomba la samani, lile jepesi la kutengenezea viti, msumeno wa chuma unalimaliza upesi, na mwizi analijua. Bomba zima la mita 6 linatoa magoli mawili. Kwa kila goli kata miguu miwili ya sentimita 105 na mlalo wa sentimita 75. Hiyo ni 285, zinazobaki 15 ni za makosa ya fundi. Kama hana mashine ya kupindia, akate pembe kwa nyuzi 45 na kuchomelea mzunguko mzima, siyo kudonadona. Aongeze pau bapa ya kukatiza miguu, sentimita 35 kutoka ardhini. Baiskeli za kike hazina bomba la juu la fremu, kwa hiyo kufuli lake linahitaji mahali pa kushika chini.

Sentimita 30 za kila mguu zinazama, zinabaki 75 juu. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 40, na chomelea kipande cha nondo mwisho wa mguu ili goli lisizungushwe wala kung'olewa. Zege ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Limwagilie maji siku 7, na watu wasiegeshe kabla ya hapo.

Sasa kutu, ambayo kwetu mwambaoni haina huruma. Bomba halianzi kuoza katikati. Linaanza kwenye maungio, na pale linapoingia kwenye zege, kwa sababu maji yenye chumvi yanatuama hapo. Basi zege lipande kidogo juu ya ardhi na liinamishwe kama kofia maji yakimbie. Paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili kabla ya kusimika, kisha ya mafuta juu yake, na urudie kila mwaka kabla ya masika. Anayenunua bomba lililopakwa zinki asijidanganye: moto wa kuchomelea unaiunguza zinki pale pale kwenye ungio, na moshi wake ni sumu, fundi afanye kazi mahali penye upepo.

Goli hadi goli ni mita 1. Likikaribia zaidi, usukani unagombana na vikapu, na anayewahi kufika anafunga njia. Kutoka ukutani acha sentimita 60. Bati la kivuli lisisahaulike, jua linapasua tairi na siti.

Nyuma ya jengo, "ili zisiharibu sura ya ofisi", ndiko mwizi anakotaka, huko ana nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Ziwekwe anapoziona mlinzi bila kusimama. Mlinzi awe na vibao vya namba viwili viwili, kimoja kwenye usukani, kingine kwa mwenyewe. Asiye na kibao hatoki. Naye mwenye baiskeli apitishe mnyororo kwenye fremu, gurudumu la nyuma na bomba, na aandike nyumbani namba iliyogongwa chini ya fremu, pale kwenye pedeli. Bila namba hiyo hata polisi atashindwa kujua ipi ni yako.

Nafasi ya gari moja, mita 5 kwa 2.5, inachukua magoli matano, yaani baiskeli kumi. Ofisi ianze na hiyo moja, iliyo jirani na kibanda cha mlinzi.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga.