Kaka, taarifa niliyoitoa sitaiondoa

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo na Mama anaendelea vizuri. Nimeusoma ujumbe wako wa kunitaka nirudi kwa meneja nikaseme kwamba niliona vibaya, na ninatambua kuwa umetokana na hofu yako juu yangu. Hata hivyo sitafanya hivyo, na ni haki yako kuelezwa sababu, kwa kuwa habari zilizokufikia kupitia kwa watu hazikuwa kamili.

Katika makao ya wazee ninakofanya kazi kuna bibi mmoja mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambaye pia amepooza upande mmoja. Hawezi kujigeuza kitandani, na mpango wake wa matunzo unaelekeza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Usiku mmoja nilipopokea zamu, niliikuta karatasi yake ya kugeuzwa imeshajazwa na kutiwa sahihi hadi alfajiri, kwa mwandiko mmoja, kwa saa ambazo zilikuwa bado hazijafika. Kengele ya kuitia msaada ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kitanda, asikoweza kuifikia kwa mkono wake mzima, na kikombe chake cha maji kilikuwa dirishani. Nilipombadilisha nguo niliona alama za vidole juu ya kiwiko, nne upande mmoja na moja upande wa pili. Najua kwamba ngozi ya mzee huvilia damu kwa urahisi, na kwa alama peke yake nisingethubutu kumshutumu mtu. Lakini karatasi iliyojazwa kabla ya saa zake haina maelezo mengine.

Niliandika nilichokiona, tarehe na saa, bila kuongeza nilichokisikia kwa wengine na bila kumpiga picha, kwa sababu naye ana heshima yake. Nilimkabidhi meneja maandishi hayo, naye akanijibu kwamba sisi ni familia moja na mambo ya familia humalizwa ndani. Kengele iliendelea kutundikwa ukutani. Ndipo nilipopeleka taarifa kwa halmashauri, ambayo kwa sheria ya matunzo ya mwaka 2014 ina wajibu wa kuchunguza pale inapohisiwa kwamba mtu mzima anayehitaji matunzo anatendewa vibaya au kutelekezwa, na pia kwa CQC, tume inayokagua ubora wa huduma hizi hapa Uingereza.

Unasema kwamba kunyamaza ni salama zaidi. Kwa kazi hii si kweli, Kaka. Tangu mwaka 2015 mhudumu anayemtesa au kumtelekeza kwa makusudi mtu aliye chini ya uangalizi wake anaweza kufungwa hadi miaka 5, na karatasi ile ilikuwa inaningoja mimi niipokee kana kwamba ni ya kweli. Isitoshe, bibi yule hana njia ya kujisemea. Akilia, huambiwa kwamba ndivyo ugonjwa wake ulivyo. Akimtaja mtu, huambiwa amechanganyikiwa. Ushahidi pekee unaoweza kusikilizwa ni wa sisi tunaoingia chumbani mwake, na wengi wetu ni wageni ambao vibali vyetu vimefungwa kwa mwajiri. Anayetaka tunyamaze anajua hofu hiyo na anaitegemea.

Sitakuficha hatari iliyopo. Sheria ya mwaka 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma, hata kama ameajiriwa juzi tu, na kifungu chochote cha mkataba kinachomkataza kufichua maovu hayo hakina nguvu. Lakini sheria hiyo haimzuii mwajiri kukufukuza. Inakupa njia ya kudai baada ya kufukuzwa, na mtu wa kibali kama changu kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kuondoka nchini. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa. Brigitte Heinisch, muuguzi wa wazee mjini Berlin, alifukuzwa kazi mwaka 2005 baada ya kushtaki kwamba upungufu wa wafanyakazi uliwanyima wazee matunzo waliyoahidiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa haki mwaka 2011 na kuiamuru Ujerumani imlipe jumla ya euro 15,000. Alishinda, lakini baada ya miaka mingi. Kwa hiyo nimejiunga na chama cha wafanyakazi, nimehifadhi nakala za kila barua niliyoiandika, na nimeanza kutafuta mwajiri mwingine aliyeidhinishwa kuajiri wageni.

Zamu zangu zimepunguzwa, kwa hiyo fedha nitakazotuma zitakuwa pungufu hadi jambo hili limalizike. Nakuomba umweleze Mama wewe mwenyewe kabla hajasikia kwingine, na usimwambie kwamba nimegombana na watu kazini, kwa kuwa sikugombana na mtu. Wachunguzi wa halmashauri wameshafika na kuichukua karatasi ile. Wakiniita kutoa maelezo, nitakwenda.

Ni mimi mdogo wako.